Malezi ya Vijana: Yona Baada ya Samaki

Muulizeni mtoto yeyote aliyepita shule ya Jumapili habari za Yona, naye atajibu bila kusita kwamba alimezwa na samaki. Atawaambia alikaa tumboni siku tatu, akatapikwa pwani, na akiwa mchangamfu atapanua mikono kuwaonyesha ukubwa wa samaki mwenyewe. Muulizeni sasa Yona alifanya nini baada ya kumaliza kuhubiri kule Ninawi. Hapo wengi watanyamaza. Wala si watoto peke yao. Hata katika vikundi vyetu vya akina mama swali hilo huleta ukimya.

Kitabu cha Yona ni kifupi. Kina sura 4 tu, na aya zake zote ni 48. Walimu wa shule ya Jumapili wengi huishia sura ya 2, wengine ya 3, na hatuwalaumu, maana mtoto wa miaka 7 hutosheka na samaki. Lakini mtoto yule yule akifikisha miaka 13 au 14, akaanza kufunga mlango wa chumba chake na kujibu kwa mkato, amefika umri wa sura ya 4. Mwezi huu tungependa tuisome pamoja, kwa sababu tunaona upungufu fulani katika namna wengi wetu tunavyowafundisha vijana utii kwa Mungu, na sura hiyo inaugusa penyewe.

Upungufu wenyewe ni huu. Tukisema kijana fulani anamtii Mungu, mara nyingi tunataja yale asiyoyafanya. Hanywi pombe. Hazururi usiku. Hana urafiki wa siri na wavulana, havai nguo za kuaibisha, simu yake haina mambo machafu, na Jumapili yuko kwaya. Hayo ni mema, na mama aliyefanikiwa hayo katika nyakati hizi amshukuru Mungu kwa magoti. Lakini kijana huyo huyo anaweza kumcheka mwenzake anayechechemea. Anaweza kumfokea dada wa kazi aliye rika lake kwa sababu ya shati ambalo halijapigwa pasi. Akikuta mwizi wa kuku anapigwa njiani anaweza kutoa simu akapiga picha, kisha akazituma kwa marafiki na maneno ya kuchekesha. Jioni tunasali naye, na hakuna anayehesabu kwamba leo amemwasi Mungu, kwa kuwa katika orodha yetu ya makatazo hakuvunja hata moja.

Tumrudie Yona. Watu wengi husema alikimbia kwa sababu ya woga, au uvivu. Si hivyo, na mwenyewe anaeleza sababu yake katika sura ya 4. Ninawi ulikuwa mji mkubwa wa Waashuri, ng'ambo ya mto kutoka ulipo sasa mji wa Mosul nchini Iraki. Waashuri walikuwa na jina baya katika nchi zote za jirani. Katika makumbusho ya British Museum kule London yapo mawe yaliyochongwa yaliyotoka katika jumba la mfalme wao Senakeribu huko Ninawi, yanayoonyesha jinsi walivyouteka mji wa Lakishi wa Yuda mwaka 701 kabla ya Kristo. Wafungwa wanaonekana wametundikwa kwenye miti, wengine wanaongozwa uhamishoni na watoto wao na mizigo yao. Picha hizo hazikuchongwa na maadui wa Waashuri ili kuwasingizia. Walizichonga wenyewe, kwa kujisifu. Na kabla ya hapo, kiasi cha mwaka 722 kabla ya Kristo, ufalme wa kaskazini wa Israeli, ambako Yona alitoka, ulikuwa umeangamizwa na watu hao hao. Kitabu cha 2 Wafalme, sura ya 14, kinamtaja Yona mwana wa Amitai kuwa nabii wa siku za mfalme Yeroboamu wa pili, yaani miongo michache tu kabla ya maangamizi hayo.

Basi tusimwone Yona kama mtu wa kuchekesha. Aliambiwa aende kwa watu ambao angefurahi kusikia wamekufa. Ninawi ilikuwa upande wa mashariki, kwa njia ya nchi kavu. Yeye akashuka Yafa, akalipa nauli, akapanda meli inayokwenda magharibi, Tarshishi, mahali ambapo wataalamu wengi hudhani ni pande za Hispania. Yaliyofuata watoto wanayajua.

Sura ya 3 ndiyo ambayo mahubiri mengi huifurahia: Yona sasa anatii. Anaamka, anakwenda, anahubiri mpaka mji mzima unatubu, kuanzia mfalme hadi wanyama wa zizini wanaovikwa magunia. Kama kitabu kingeishia hapo tungesema somo ni rahisi: usipotii utamezwa na samaki, ukitii utafanikiwa. Na kwa kweli wengi wetu ndivyo tunavyowafundisha watoto.

Lakini sura ya 4 inafungua na Yona amekasirika. Amekasirika hadi anaomba afe. Na katika maombi yake anatoboa siri: alijua tangu mwanzo kwamba Mungu ni mwingi wa huruma na kwamba angewasamehe watu wale, na ndiyo sababu alikimbia. Akina mama, tulitafakari neno hilo. Huyu ni mtu mwenye mafundisho sahihi kabisa juu ya Mungu. Angeulizwa katika darasa la kipaimara angepata alama zote. Anajua kwamba Mungu ana huruma, na jambo hilo ndilo linalomuudhi.

Anatoka nje ya mji, anajenga kibanda, anakaa kuangalia kama labda moto utashuka. Mungu anaotesha mmea, ambao Biblia yetu ya Kiswahili ya zamani huuita mtango, unampa kivuli. Yona anaufurahia sana. Kesho yake mdudu anautafuna, unanyauka, jua linampiga kichwani, na nabii analia kwa ajili ya mmea. Hapo Mungu anamuuliza, kwa maana hii: wewe unauonea huruma mmea ambao hukuupanda wala kuupalilia, nami nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya laki moja na ishirini elfu wasiojua kulia wala kushoto, pamoja na mifugo yao? Na kitabu kinakwisha kwa swali hilo. Hatuambiwi Yona alijibu nini.

Yona basi alitii kwa miguu, moyo ukabaki Yafa. Kijana wa miaka 15 analielewa jambo hilo kuliko tunavyodhani, kwa sababu yeye mwenyewe kila siku hutii kwa miguu. Unamtuma dukani, anakwenda, lakini ule mlango unavyobamizwa unajua utii wenyewe ni wa aina gani. Ukimsomea Yona namna hii hataona tena hadithi ya watoto. Atajiona.

Bwana wetu Yesu alilirudia jambo hili. Katika mfano wa mwana mpotevu, Luka sura ya 15, yule kaka mkubwa hakuvunja amri ya baba yake hata siku moja, naye ndiye anayebaki nje ya nyumba kwa hasira wakati ndani wanamfurahia aliyerudi. Na mara mbili katika Injili ya Mathayo, sura ya 9 na ya 12, aliwarudisha Mafarisayo kwenye nabii Hosea, wakajifunze kwamba Mungu anataka rehema kuliko sadaka. Mafarisayo hawakuwa wahuni. Walikuwa watu wa kutii.

Sasa tuingie majumbani mwetu, maana Ninawi ya mtoto wa sekondari haiko Iraki.

Tuanze na jikoni. Katika nyumba nyingi za mjini yuko msichana wa kazi, na mara nyingi umri wake hautofautiani sana na wa binti yetu. Binti yetu anaamshwa na kelele za saa. Yule anaamka mwenyewe saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko. Vijana hawajifunzi huruma kwa mahubiri yetu kumhusu dada huyo. Wanatazama kama anakula chakula kile kile, kama anaitwa kwa jina lake, kama akiugua anapelekwa hospitali au anafungashiwa virago. Na kama tunataka kuwaonyesha kijana wa Biblia mwenye huruma, yupo mmoja ambaye hata jina lake halikuandikwa. Ni yule kijakazi mdogo wa 2 Wafalme sura ya 5, aliyetekwa kwao Israeli na kufanywa mtumishi katika nyumba ya Naamani, jemadari wa Shamu. Bwana wake alikuwa na ukoma. Msichana huyo alikuwa na kila sababu ya kunyamaza na kumwacha aoze. Badala yake alimwambia bibi yake kwamba kuna nabii Samaria anayeweza kumponya. Dada wa jikoni ndiye aliyeleta uponyaji katika nyumba ile, naye ndiye aliyekuwa amenyang'anywa kwao. Wasomee mabinti zenu, kisha wamkaribishe dada wa kazi naye akae asikilize.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na tunataka kukaa nalo kidogo. Mama mmoja alituuliza kuhusu binti yake wa kidato cha tatu. Rafiki wa binti huyo alipata mimba akaacha shule. Mama akamkataza binti yake kwenda kumwona, kwa kuogopa maneno ya majirani na kwa kuogopa mfano mbaya. Baadaye akagundua kwamba binti amekuwa akienda kwa siri, siku za Alhamisi, akimpelekea rafiki yake madaftari anakili masomo. Mama alitaka kujua: nimwadhibu kwa kuwa amekosa utii?

Tulimjibu kwanza kwamba hofu yake tunaielewa. Mama anayelea binti wa miaka 16 hulala jicho moja wazi. Na amri ya kuwaheshimu wazazi imo katika zile Amri Kumi. Hatuwezi kumwambia binti kwamba mama akisema jambo lisilompendeza basi lipo ruhusa ya kudanganya. Uongo wa kila Alhamisi lazima uzungumzwe, na uitwe kwa jina lake.

Lakini kumtembelea mwenzake si kosa, na hapo tulimwambia mama wazi kwamba katika jambo hili binti yake amesikia sauti ya Mungu vizuri kuliko nyumba nzima. Yeye ndiye aliyekwenda Ninawi. Sisi watu wazima ndio tuliokaa kibandani kuangalia kama moto utamshukia mtoto wa watu. Tulimshauri alitengue lile katazo mbele ya binti, kisha Alhamisi inayofuata waende wawili, mama abebe unga na sabuni, na ile hofu ya mfano mbaya aipeleke mahali pake, yaani katika mazungumzo ya faragha na binti yake juu ya mwili wake na juu ya mwanamume aliyemdanganya rafiki yake. Binti aliyemwona mwenzake akibeba mimba bila ndoa, bila fedha, na yule mwanamume hata hapigi simu, amejifunza mengi ambayo makatazo yetu hayamfundishi.

Upo tena upande wa shule yenyewe. Hapa Tanzania, tangu Novemba 2021 serikali ilipoondoa kizuizi kilichokuwapo, msichana aliyeacha masomo kwa ajili ya mimba anaweza kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Kenya ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo tangu mwaka 1994. Geti basi liko wazi. Lakini serikali haiwezi kuamuru nani atakaa naye dawati moja, nani atacheka maziwa yakilowesha blauzi yake, nani atamnong'oneza jina baya mstarini. Hayo yako mikononi mwa watoto wetu wa miaka 15 na 16. Msichana yule akirudi akaacha tena, usimwulize mwalimu mkuu peke yake kilichotokea. Mwulize mwanao jioni, huku mkichambua mchele: yule mwenzenu aliyerudi, leo alikaa na nani?

La tatu tutalipita haraka, kwa kuwa linajulikana. Ni simu. Zamani kejeli ya darasani iliishia darasani. Kengele ikilia mtoto anakimbilia kwao. Siku hizi inamfuata hadi kitandani. Picha ya mwenzake aliyeanguka, aliyelowa, aliyepigwa, inazunguka usiku kucha katika makundi ya WhatsApp, na kila anayeituma mbele hujiambia kwamba si yeye aliyeipiga. Wana wetu wa kiume hasa waambiwe kwamba kuituma ni kushiriki. Mama mwenye uwezo wa kukagua simu kutafuta picha za uchi, akague na hilo pia.

Sasa tuseme neno la tahadhari, maana tunajua liko vichwani mwa akina mama wengi wanaosoma ukurasa huu. Ukimfundisha binti huruma, hutamfanya awe mtu wa kudanganywa kirahisi? Swali ni la haki. Mwanamume anayemwinda binti mara nyingi haanzi kwa vitisho. Huanza kwa kusema, nionee huruma. Yuko mpweke, mke wake hamwelewi, bila binti huyu hataishi. Kijana wa bodaboda anayempa lifti kila siku naye atasema binti hana huruma, hana shukrani. Mabinti waliolelewa kanisani kuwa wapole huweza kunaswa na maneno hayo kuliko wengine, kwa sababu wamefundishwa kwamba kukataa ni ukatili.

Kwa hiyo wafundishwe tofauti mapema, na kwa maneno yasiyozunguka. Huruma ya Mungu haimwombi binti mwili wake. Haimwombi atunze siri. Msaada wa kweli unaweza kutolewa mchana, mama akijua, na mtu wa tatu akiwapo. Mtu mzima anayehitaji huruma aitafute kwa watu wazima wenzake, kwa mchungaji, kwa wazee wa kanisa, kwa ndugu zake. Na akiwa mtu huyo ni mjomba, au mwalimu, au mtumishi wa kanisa, tofauti ni ile ile. Yule kijakazi wa Naamani alimhurumia bwana wake, lakini habari yake aliipeleka kwa bibi wa nyumba. Hatudhani ni jambo dogo.

Wana wa kiume nao wana mtego wao. Wao huambiwa huruma ni udhaifu, ni mambo ya wanawake. Akilia mpira ukipotea anaambiwa mwanamume halii. Akimhurumia mbwa anayepigwa mawe anachekwa. Tunamfunga moyo mtoto tangu miaka 5, kisha akiwa na miaka 25 tunashangaa anampiga mke wake. Kwao tunapenda kusimulia habari za Buta.

Buta ni seminari ndogo ya Kanisa Katoliki katika eneo la Bururi, kusini mwa Burundi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wahutu na Watutsi waliogopana, mitaa ikagawanyika, shule nyingi zikagawanyika. Pale Buta wavulana wa makabila yote mawili waliendelea kusoma pamoja na kulala bweni moja. Mkuu wao, Padre Zacharie Bukuru, alijua kwamba vijana wale walikuwa na ndugu waliouawa upande huu na upande huu, na kwamba chuki ingeweza kuwaka humo humo bwenini. Hakuwakataza kuizungumza. Aliwapa nafasi ya kusema hofu zao wazi, wakasali pamoja, wakacheza pamoja, siku baada ya siku.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliivamia seminari. Waliwaamuru wale wavulana wajitenge, Wahutu upande mmoja, Watutsi upande mwingine. Wavulana walikataa. Waliuawa 40. Padre Bukuru alisalimika, na baadaye aliandika kitabu juu yao.

Mama anayesoma habari hiyo mbele ya mwanawe sauti itamkwama, na iache ikwame. Lakini mwonyeshe jambo moja. Katika Biblia nzima hakuna aya inayosema usihamie upande ule wa bweni. Kijana wa kabila lisilotafutwa asubuhi ile angeweza kuchukua hatua chache, akaokoka, na asionekane amevunja amri yoyote iliyoandikwa. Wasingekuwa wamewahi kufundishwa utii zaidi ya orodha ya makatazo, wasingejua hata kwamba wanaulizwa swali na Mungu. Walijua. Waliwaangalia wenzao wa kitanda cha pili na hawakuweza kuwaacha, na kwao huko ndiko kulikuwa kumtii Mungu.

Wala hawakujifunza asubuhi ile. Asubuhi ile haikuwa na muda wa kujifunza. Walijifunza mezani, kiwanjani, katika mazungumzo ya jioni ya miaka mitatu minne, kwa kumpa chumvi mtu ambaye redio ilisema ni adui. Hatuwaombei watoto wetu siku kama ile, Mungu apishe mbali. Lakini siku ndogo za kuchagua upande wanazo kila juma, na huko ndiko wanakozoea, ama kuhama ama kubaki.

Basi twendeni katika matendo. Mwezi huu chagueni usiku minne, sura moja kwa usiku, baada ya chakula. Vyombo vibaki vichafu kwa nusu saa, havitakimbia. Msisome nyinyi, kijana asome mwenyewe kwa sauti, hata akisoma kwa kununa. Baba akiwepo akae, na asigeuze kikao kuwa baraza la kukumbushia makosa ya juma zima. Akina baba wetu wana mazoea hayo, na kijana akishaonja mara moja hatarudi usiku wa pili.

Usiku wa kwanza muulizeni kwa nini anadhani Yona alikimbia, na msimsahihishe. Usiku wa pili Yona yuko tumboni mwa samaki, kijana anaijua habari hiyo, utapita wepesi. Usiku wa tatu msimulieni habari za Waashuri na yale mawe ya London, ili aone kwamba kuwasamehe watu wa Ninawi halikuwa jambo jepesi. Vijana huchoshwa na wema usiokuwa na gharama. Wakijua kwamba aliyesamehewa alikuwa mtu mbaya kweli kweli, wataanza kubishana, na mkiona wanabishana mjue somo limeingia. Atauliza: ina maana hata yule aliyemwua fulani Mungu atamsamehe? Msikimbilie kujibu. Swali hilo wazee wetu wa imani wamelala nalo usiku mwingi.

Usiku wa nne someni mpaka lile swali la mwisho, kisha nyamazeni. Msilijibu kwa niaba yake. Kama Mungu aliliacha wazi, sisi ni nani? Baada ya kimya kidogo muulizeni kwa upole: kwako wewe, Ninawi ni nani? Anaweza asiseme lolote usiku ule. Anaweza kutaja jina siku tatu baadaye, mkiwa njiani kutoka sokoni. Labda ni mwalimu aliyemwaibisha, au binamu aliyekuja kukaa kwenu na kuchukua nusu ya kitanda chake. Labda ni baba yake mwenyewe. Kama ni mtu aliyemdhuru kweli, acheni kwanza habari za msamaha, msikilizeni, mhakikishe yuko salama. Mungu hakumtuma Yona Ninawi akiwa angali tumboni mwa samaki.

Lakini kama ni mtu wa kawaida, yule msichana wa darasani ananuka jasho, mzee wa jirani ambaye watoto humwita mchawi, mpeni kijana Jumamosi moja na kitu cha kubeba mkononi. Ndizi, nusu kilo ya sukari, daftari. Mwendeni pamoja mara ya kwanza. Msiifanye safari hiyo kuwa adhabu, eti kwa kuwa umegombana na dada yako nenda ukamsaidie bibi kuchota maji; mtoto aliyeadhibiwa kwa kutenda wema atauchukia wema. Na msimsifu mbele ya wageni. Mwacheni arudi, aoge, ale, kama mtu aliyekwenda na kurudi.

Jiandaeni kwa jambo moja. Usiku ule wa nne, kijana mwenye akili akishaulizwa Ninawi yake, naye ataweza kuinua macho akauliza: na yako wewe, mama? Tunajua wifi gani au jirani gani atakujia kichwani. Usimtume akalale.